Sura ya Tano: Dakika za Mwanaanga

Picha za Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu zinazofika magazetini huwa karibu sawa zote: mwanaanga anaelea mbele ya mashine, nywele zimesimama, mkononi ana bisibisi au bomba la sindano. Ni picha za kweli, lakini zimewazoesha watu dhana isiyo kweli, kwamba utafiti wa angani hufanywa na wale watu saba wanaoizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, na kwamba walioko ardhini wamekaa kuwatazama, kuwapongeza, na kuwaokoa mambo yakiharibika. Hoja ya sura hii ni kwamba maabara ile, kwa sehemu yake kubwa, iko huku chini. Maswali ya utafiti yanatoka chini, ratiba inapangwa chini, amri nyingi zinazowasha na kuzima mitambo zinatumwa kutoka chini, na majibu yanasomwa chini. Wanaanga wanaleta kitu kimoja ambacho kituo cha ardhini hakiwezi kukipata kwa njia nyingine, nacho ni akili na mikono mahali penyewe, kilomita zipatazo 400 juu ya vichwa vyetu. Kitu hicho ni adimu mno. Ndiyo maana nadai kwamba kituo cha ardhini hakistahili kupimwa kwa wingi wa skrini zake wala kwa idadi ya amri zake. Kipimo chake ni namna kinavyozitumia dakika za mwanaanga: ngapi kinamwokolea, ngapi kinazilinda zisipotee, na ngapi kinamwachia azitawale mwenyewe. Jambo hili la mwisho vituo vilichelewa kulijifunza, na bado havijalimaliza.

Tuanze na hesabu ya muda, kwa kuwa kila kitu kingine kinatokana nayo. Kituo hakijawahi kukosa watu tangu tarehe 2 Novemba 2000. Kinafuata saa za Greenwich, hivyo wakaazi wake wanapoamka saa kumi na mbili asubuhi, Nairobi na Dar es Salaam ni saa tatu asubuhi. Siku inayofuata hapo imejaa mambo yasiyo utafiti. Mazoezi ya mwili peke yake huchukua kama saa mbili na nusu kila siku, kwa sababu mifupa na misuli isiyobeba uzito hudhoofika upesi. Kuna choo cha kutengeneza, vichujio vya hewa vya kubadilisha, mizigo ya kupokea na kupanga, vyombo vya safari vya kuvipokea na kuviaga. Baada ya ajali ya chombo cha Columbia mwaka 2003, kwa miaka kadhaa walibaki watu wawili tu kituoni, na karibu nguvu zao zote zilikwenda kukifanya kituo chenyewe kiendelee kuwa hai. Hata wakaazi walipofikia sita mwaka 2009, lengo la utafiti kwa upande wa Marekani na washirika wake lilikuwa saa 35 kwa wiki, na hizo ni saa za wanaanga wote wa upande huo zikijumlishwa. Kwa upande mwingine wa mizani kuna majaribio zaidi ya 3,000 yaliyokwisha kufanyika huko, kutoka kwa watafiti wa nchi zaidi ya 100. Umeme wa paneli za jua upo, nafasi ya kuweka mitambo ipo. Saa ndizo hazitoshi, na hugawanywa kama maji ya mfereji katika kijiji cha mlimani: kila shamba lina zamu yake, na anayechelewa kufungua lango lake huyaona maji yakipita kwenda kwa jirani.

Mgawaji mkuu wa maji hayo yuko Huntsville, katika jimbo la Alabama, ndani ya Kituo cha Marshall cha shirika la NASA. Wengi wanalijua jina la Houston, na ni sawa, kwani Houston ndiyo inayoendesha kituo kama chombo: umeme, hewa, uelekeo, usalama wa watu. Utafiti, hata hivyo, una nyumba yake. Ukumbi wa Huntsville ulianza kazi mwaka 2001, mwaka uleule maabara ya Destiny ilipounganishwa na kituo, na tangu hapo umekuwa na watu usiku na mchana, sikukuu zote zikiwemo. Katika kila zamu yupo mkurugenzi wa shughuli za utafiti anayetoa uamuzi wa mwisho. Yupo anayesimamia makabati yanayobeba mitambo ya majaribio, umeme wake na upozaji wake. Yupo anayesimamia njia za data na video. Wapo wapangaji wa ratiba. Na yupo mmoja tu anayezungumza na wanaanga kwa niaba ya watafiti wote, na wanaanga humwita kwa jina la mji wake, Huntsville, kama vile wanavyoita Houston, Munich, Tsukuba na Moscow. Kanuni ya msemaji mmoja ina sababu nzito. Kama watafiti ishirini wangeruhusiwa kila mmoja kumwuliza mwanaanga swali dogo la nusu dakika, asubuhi nzima ingekwisha kwa maswali. Msemaji huchuja, huunganisha, na mara nyingi hugundua kwamba jibu tayari limo katika data zilizoshuka saa moja iliyopita.

Ratiba yenyewe hupangwa kwa vipande vya dakika tano. Mwanaanga anaiona kwenye kompyuta yake kama mistari ya visanduku vya rangi, na mstari mwekundu unasogea kuvipita, ukionyesha alipopaswa kuwa wakati huu. Lakini sanduku moja la saa moja juu ya skrini hiyo lina miezi ya kazi ya watu wengine nyuma yake. Utaratibu wa jaribio huandikwa hatua kwa hatua, kisha hujaribiwa ardhini kwenye nakala ya mtambo uleule, na anayejaribu huwa mtu ambaye hakuuandika, ili yaonekane maneno yanayoweza kueleweka kwa namna mbili. Huhesabiwa idadi ya vibano, urefu wa kebo, na mahali mfuko wa vifaa ulipohifadhiwa. Hilo la mfuko laweza kuonekana dogo, lakini ndani ya kituo ambacho kila ukuta, pamoja na dari na sakafu, ni ghala, kutafuta kifaa kimoja kunaweza kumeza muda wote uliotengwa kwa jaribio. Kwa hiyo kuna watu ardhini ambao kazi yao ni kujua kila kitu kiko wapi na kumwandikia mwanaanga kabla hajauliza. Naiheshimu sana kazi hii isiyopigwa picha. Hakuna ugunduzi utakaobeba jina la mtunza orodha ya mifuko, na bila yeye majaribio mengi yangeishia kwenye utafutaji.

Ulaya iliposogeza maabara yake ya Columbus angani mwezi Februari 2008, ilichagua mpangilio wa kutawanya. Kituo kikuu kipo Oberpfaffenhofen, karibu na Munich, lakini mitambo ya majaribio inatunzwa na vituo vidogo kwenye nchi mbalimbali: Toulouse, Brussels, Cologne, Trondheim, na kwingineko. Mtaalamu wa mimea wa Norway anaweza kuwa zamu mjini kwake akiangalia miche inayoota kilomita 400 juu, huku Munich ikiratibu nani atume amri lini. Wajapani nao wanaendesha maabara ya Kibo kutoka Tsukuba, na hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika habari hii kwa mlango wa mbele. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilisukumwa nje kutoka Kibo. Mwaka 2019 ikafuata RWASAT-1 ya Rwanda, na Desemba 2022 PearlAfricaSat-1 ya Uganda. Wanaanga walishiriki kwa kuweka kisanduku chenye setilaiti kwenye kizuizi cha hewa. Mkono wa roboti uliokichukua, ukakielekeza upande ulio salama, na amri ya kuziachia setilaiti vilikuwa mikononi mwa waendeshaji wa Tsukuba. Chuo kikuu kisicho na roketi wala mwanaanga kilifika kwenye obiti kwa sababu kulikuwa na chumba cha watu ardhini wanaojua kazi hiyo.

Mawasiliano yanayowezesha haya yote yana historia inayopita katika visiwa vyetu. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Marekani ilitegemea mlolongo wa vituo vya redio vilivyotandazwa chini ya njia yake, viwili kati ya hivyo vikiwa katika ardhi ya Afrika: Kano na Zanzibar. Kila kituo kilimpata kwa dakika chache tu, kilipokea vipimo vya mwili wake na vya chombo, kikazungumza naye, kisha akazama upande wa pili wa upeo na kituo kilichofuata kikamngoja. Kile cha Zanzibar kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Katika mfumo wa namna hiyo, utafiti wa pamoja kati ya juu na chini usingewezekana, maana mazungumzo yalikatika kabla hayajakolea. Kilichobadilisha mambo ni setilaiti za kurushia mawasiliano zilizowekwa karibu kilomita 36,000 juu, ambazo hukiona kituo kwa sehemu kubwa ya kila mzunguko wa dakika 90 na kushusha data zake hadi White Sands, New Mexico, na Guam. Video na vipimo vinapotiririka kwa saa nyingi mfululizo, mtafiti aliye chini anaweza kuona, kufikiri, kubadilisha kipimo kimoja na kuona tena. Hapo ndipo kituo cha ardhini kilipoacha kuwa mpokeaji wa taarifa kikawa mshiriki wa jaribio.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwangu ni ule wa moto usioonekana. Ndani ya kituo kuna chumba cha kuunguzia kinachosimamiwa na Kituo cha Glenn, mjini Cleveland, na humo kulifanyika majaribio ya kuwasha matone ya mafuta ili kujua jinsi ya kuzima moto angani. Pasipo uzito hewa ya moto haipandi juu, hivyo mwali huwa duara kuzunguka tone. Wanaanga waliweka chupa za mafuta na kubadilisha vifaa vya kuwashia. Kuwasha kwenyewe na kurekodi kuliamriwa kutoka ardhini. Katika baadhi ya matone ya heptani, mwali ulipanuka, ukafifia, ukazimika, kama ilivyotarajiwa. Lakini watafiti waliposoma vipimo waliona tone linaendelea kupungua kwa kasi isiyoweza kuelezwa na uvukizi wa kawaida. Lilikuwa bado linaungua, kwa mwali wa joto la chini ambao jicho haliwezi kuuona. Watafiti, akiwemo Forman Williams wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha habari hiyo mwaka 2012, na imefungua njia ya kuelewa kemia ya uunguaji ambayo ina maana kwa injini za hapa duniani. Mwanaanga angesimama mbele ya dirisha la chumba kile angeona giza. Ugunduzi ulikuwa katika mchoro wa kipenyo cha tone dhidi ya muda, na mchoro huo ulihitaji watu wenye nafasi ya kuutazama mara ya pili na ya tatu, kitu ambacho ratiba ya dakika tano tano haimruhusu mkaazi wa kituo.

Maabara ya Atomi Baridi inakwenda mbali zaidi. Ilirushwa Mei 2018, ukubwa wake ni kama wa jokofu dogo, na inaendeshwa kutoka Pasadena, California. Inapoza atomi mpaka karibu kabisa na sifuri halisi, ambapo zinaanza kutenda kana kwamba ni kitu kimoja, hali iliyotabiriwa na Bose na Einstein katika miaka ya 1920 na kupatikana duniani mwaka 1995. Ardhini, ukiziachia atomi hizo zinaanguka mara moja. Kwenye obiti zinaweza kutazamwa kwa zaidi ya sekunde nzima, na sekunde moja katika fizikia hii ni muda mrefu. Matokeo ya kwanza yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Juni 2020. Shughuli za kila siku za mtambo huo hazimhitaji mwanaanga hata kidogo. Majaribio mengi yanayochukia mtikisiko hupewa usiku wa kituo, wakati hakuna anayekimbia juu ya mashine ya mazoezi wala kugonga mlango wa kabati. Wanaanga wamelala, maabara inafanya kazi.

Hapo msomaji makini ana haki ya kuuliza: kama ni hivyo, watu wanapelekwa juu kufanya nini? Mbona tusibaki na mashine na chumba cha waendeshaji, gharama ikapungua? Ni swali zuri, na mfano unaolijibu ni AMS, chombo cha kuchunguza miale ya kosmiki kilichofungwa nje ya kituo Mei 2011 chini ya uongozi wa mwanafizikia Samuel Ting. Chumba chake cha uendeshaji kipo CERN, karibu na Geneva, na watu wamekaa zamu humo wakifuatilia joto la kila sehemu, maana chombo kinapita kutoka juani hadi kivulini na kurudi mara 16 kwa siku. Kimepima chembe zaidi ya bilioni 200. Ungeweza kusema ni ushindi kamili wa uendeshaji wa mbali, mpaka pampu za mfumo wake wa kupoza zilipoanza kufa moja baada ya nyingine. AMS haikuundwa kutengenezwa angani. Haikuwa na vishikio vya mwanaanga, na mabomba yake yalikuwa ya chuma, membamba, yasiyokusudiwa kukatwa kamwe. Ardhini wahandisi walitumia miaka kadhaa kubuni zana mpya zaidi ya 20 na kuzijaribu. Kisha, kati ya Novemba 2019 na Januari 2020, Luca Parmitano na Andrew Morgan walitoka nje mara nne, wakakata mabomba, wakaunganisha pampu mpya. Katika safari ya mwisho mojawapo ya maungio lilivuja. Lilikazwa, likasubiriwa, likapimwa tena, likashika. Hakuna amri ya redio ambayo ingefanya hivyo, na hakuna mwanaanga ambaye angefanya hivyo bila ile miaka ya maandalizi. Jibu langu kwa anayetaka mashine peke yake ni kwamba mtambo hufanya kazi bila mtu mpaka siku unapoharibika kwa namna ambayo hakuna aliyeiwaza. Na jibu langu kwa anayetaka mwanaanga afanye kila kitu ni kwamba, kama Parmitano angekuwa amezoea kuzungusha vifundo vya AMS kila siku tangu afike, dakika zake zingekuwa zimekwisha kabla pampu hazijamhitaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sidhani linaweza kufutwa kabisa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na historia ya angani ina nyoka kadhaa waliomkimbia mwenye fimbo ya mbali. Kundi la tatu la kituo cha Skylab, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, liliruka Novemba 1973 kwa safari ya siku 84. Wapangaji wa ardhini waliwapa kasi ya kazi waliyoiona kwa kundi lililotangulia lilipokuwa limekwisha kuzoea, wakasahau kwamba hawa ndiyo kwanza wamefika. Wanaanga walichelewa, wakakosea, wakafanya kazi wakati wa kula na siku ya mapumziko, na kwa wiki kadhaa kila upande ulinung'unika bila kusema wazi. Baadaye hadithi ilienea kwamba waligoma, na bado inasimuliwa, lakini mgomo haukuwapo. Kilichokuwapo ni mazungumzo marefu na ya kweli ya tarehe 30 Desemba, ambapo kila upande ulieleza kilichokuwa kikiusumbua. Baada ya hapo, kazi ndogondogo zisizohitaji saa maalumu ziliwekwa kwenye orodha ambayo wanaanga walichagua wenyewe wafanye ipi na lini. Kazi iliyofanyika iliongezeka. Huo ni ushahidi dhidi ya kituo kinachoshika kila dakika kwa mkono wake, na ni ushahidi kutoka miaka zaidi ya 50 iliyopita.

Kama somo lingekuwa limeeleweka kikamilifu, yasingetokea ya maua ya zinia. Mwishoni mwa 2015, mwanaanga Scott Kelly alikuwa akitunza maua hayo katika bustani ndogo iitwayo Veggie. Unyevu ulizidi, majani yakatoa maji, na mwezi Desemba kuvu likaonekana. Feni ikaongezwa kasi, kisha mimea ikaanza kukauka kupita kiasi, na ratiba ilisema siku ya kumwagilia haijafika. Kelly akasema, kwa maana, kwamba wakulima wa Mars watalazimika kuamua kwa kuangalia mmea, na kwamba huu unahitaji maji sasa. Timu ya Veggie ilifanya jambo la busara sana: ikamkabidhi bustani. Badala ya utaratibu mrefu wa hatua kwa hatua ikamwandikia mwongozo wa ukurasa mmoja wa mambo ya kuzingatia, akaachiwa mwenyewe kazi ya kuangalia na kuamua. Baadhi ya mimea ilikuwa imekwisha kufa, lakini Januari 2016 ua lilichanua.

Je, mifano hii inaiangusha hoja yangu? Naona inaikaza, ila inailazimisha iwe na mipaka. Katika tone la heptani, maarifa ya kuamua yalikuwa Cleveland, kwa hiyo uamuzi ulipaswa kuwa Cleveland. Katika ua la zinia, maarifa ya kuamua yalikuwa kwenye ncha za vidole vya aliyeligusa jani. Kosa halikuwa kwamba ardhi ilisaidia. Kosa lilikuwa kwamba ardhi ilitumia aina moja ya msaada kwa vitu viwili tofauti. Wapo wanaosema dawa ni kumpandisha mtafiti mwenyewe, na wana mfano wao: Taylor Wang, mwanafizikia aliyeruka na Spacelab 3 mwaka 1985. Mtambo wake wa matone uligoma ulipowashwa, akashindana na wakuu wa ardhini mpaka akaruhusiwa kuufungua, akautengeneza kwa siku kadhaa, na akafanya majaribio yake. Ni kisa cha kutia moyo. Lakini Wang alibeba mtambo mmoja alioujua kwa miaka. Mkaazi wa kituo cha leo anagusa mamia ya majaribio katika muhula mmoja, ya chembe za damu, ya miali, ya fuwele, ya mizizi. Huwezi kumpandisha kila mtafiti, na hata ungeweza, viti saba visingetosha. Kinachowezekana ni kumweka mtafiti karibu kwa njia nyingine. Mwaka 2021, Megan McArthur alipobadilisha sehemu ya Maabara ya Atomi Baridi, alivaa miwani iliyowaonyesha wataalamu wa Pasadena kile anachokiona yeye, nao wakaweza kumwekea alama na maelezo mbele ya macho yake. Maarifa yalipanda, mwenye maarifa akabaki.

Kuna pia pingamizi la udhaifu. Mfumo unaotegemea ardhi kiasi hiki unaweza kuangushwa na ardhi. Tarehe 25 Julai 2023 umeme ulikatika katika jengo la Houston wakati wa kazi za kuboresha, na mawasiliano na kituo yakapotea. Wanaanga walijulishwa kupitia mitambo ya Warusi, na mifumo ya akiba ikachukua nafasi ndani ya dakika 90 hivi. Hakuna aliyekuwa hatarini. Miaka sita kabla ya hapo, kimbunga Harvey kilipoifurikisha Houston, waendeshaji walilala ndani ya jengo siku kadhaa ili zamu isikatike. Sioni matukio haya kuwa sababu ya kupunguza vituo. Yanaonyesha kwa nini kuwa na Huntsville, Munich, Tsukuba na Moscow kunafaa, ingawa anayetazama karatasi ya bajeti huviita marudio. Marekani inatumia karibu dola bilioni 3 kwa mwaka kwa kituo hiki pamoja na usafiri wake, na inaeleweka kwamba kampuni zinazojiandaa kujenga vituo vya kibiashara, baada ya hiki kustaafishwa mwishoni mwa muongo huu, zinapenda kuahidi kumbi ndogo zenye watu wachache. Kompyuta bora zitapunguza kazi nyingi za zamu, hilo nalikubali. Lakini mteja anayenunua saa ya mwanaanga kwa bei kubwa anapaswa kuuliza ni nani aliyeujaribu utaratibu kwa mikono kabla haujapanda, na ni nani atakayejibu saa nane za usiku kipimo kikienda ovyo. Ukiondoa hao, saa ileile inanunua kazi pungufu.

Mtihani mkubwa kuliko wote uko mbele, kwenye Mars, ambako ujumbe wa redio utachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, na muda kama huo jibu kurudi. Mazungumzo ya kawaida yatakufa. Jaribio moja lililofanywa ndani ya kituo mwaka 2014 lilichelewesha mawasiliano kwa sekunde 50 tu kwa kila upande katika baadhi ya kazi, na wanaanga pamoja na wenzao wa ardhini walieleza kwamba maelewano yalizorota na hata hali zao za moyo ziliathirika. Sekunde 50 ni kidogo sana mbele ya dakika 22. Kwa hiyo kazi kubwa ya kituo cha ardhini itahama, kutoka kujibu maswali hadi kuyatabiri, na itabidi ifanyike kabla roketi haijawashwa. Utaratibu unaosema fanya hiki kisha kile hautatosha. Kila hatua itahitaji kubeba sababu yake, ili mtu aliyeko kule ajue ni hatua ipi anaweza kuiruka na ipi akiiruka jaribio limekwisha. Wanaanga wameshaanza kupewa siku za majaribio wanazopanga ratiba yao wenyewe, wakiachiwa masharti machache yasiyovunjika. Hilo litawauma watafiti, kwa kuwa data itakayorudi haitakuwa nadhifu kama inayotoka kwenye kisanduku cha dakika tano, na baadhi ya majaribio yatapotea kwa uamuzi ambao Huntsville isingeukubali. Anayetaka mbegu zake zioteshwe kwenye Mars itabidi akubali mapema kwamba mtu mwingine ataamua kuzimwagilia au kuziacha, na kwamba yeye atapata habari hadi dakika 22 baadaye.